Laptopu Inapochemka Siyu



Wakati wa maleleji, upepo wa kaskazi umelegea na kusi bado haijaingia, hewa ya Siyu, kisiwani Pate, husimama. Mwalimu yuko chini ya paa la bati alasiri, anaandaa ripoti za wanafunzi. Feni ya laptopu inavuma, mashine inakuwa nzito, kisha inajizima. Wenzake watamwambia ni virusi, au imekufa, aipeleke Mombasa. Naomba kabla hajafunga safari ya mashua hadi Lamu, avuke Mokowe na kupanda basi, tumsaidie kuichunguza hapo hapo alipo.

Prosesa, ule moyo wa kompyuta, hutoa joto kila inapofanya kazi. Nyingi zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100 za selsiasi. Joto likikaribia hapo, mashine hupunguza kasi yake yenyewe. Likizidi, hujizima isiungue. Kwa hiyo ule uzito unaomuudhi mwalimu ni mashine kujilinda. Watengenezaji wengi hushauri laptopu itumike mahali pasipozidi nyuzi 35, na chumba cha bati mwezi wa Machi hakiko mbali na hapo. Ndiyo maana makosa madogo, ambayo mji wa baridi ungeyasamehe, huku kwetu yanaizima mashine.

Kosa kubwa ni godoro. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa ubavuni au nyuma. Ukiilaza kitandani au juu ya mto, umeiziba pumzi. Iweke juu ya meza au ubao, uiinue nyuma kwa vipande viwili vya mbao, uisogeze kwenye kivuli na dirisha. Wengine huipozea mbele ya friza ya samaki. Tafadhali msifanye hivyo: kwa unyevu wetu wa pwani, kitu kilichopozwa ghafla hutoa jasho ndani, na maji hayo yataiua upesi kuliko joto.

Sasa tumia kiganja. Kiweke pale hewa inapotokea. Feni ikivuma na hewa ikatoka hafifu, vumbi limeziba mapezi yanayotoa joto. Hapa kwetu vumbi hilo hushikana na unyevu wa chumvi likawa kama utando. Hewa ikitoka kwa nguvu tena ni moto, upozaji unafanya kazi, basi tazama umefungua nini: kurasa nyingi za brauza, video, programu inayojisasisha kimyakimya. Funga usichohitaji. Lakini hewa ikiwa vuguvugu tu huku chuma cha chini kinaunguza, huenda ile krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Hiyo ni kazi ya fundi, na si kazi kubwa.

Kusafisha vumbi nako ni kwa utaratibu. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, tenganisha betri, shika panga za feni kwa kijiti zisizunguke, ndipo upige hewa kavu na kupitisha brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Na ukiona kibodi imenyanyuka au mashine haikai sawa mezani, huenda betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji, usiitoboe.

Haya yote yanahitaji mkono uliozoea vitu vidogo, na Siyu ni mji wa mikono hiyo. Hapa palinakiliwa misahafu kwa kalamu, pakafuliwa panga, pakashonwa viatu vya ngozi vilivyosifika mwambao mzima. Inaniuma kuona kijana wa mji huo akiambiwa kazi ya bisibisi ndogo lazima ivuke bahari.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, vishikwambi vya watoto pamoja na laptopu za walimu. Ni jambo jema. Ila shule inayopokea mashine ipokee pia seti ya bisibisi, brashi, na tyubu ya krimu, na chuo cha ufundi kilicho karibu kichukue vijana wawili watatu wa Siyu, Pate na Faza, kiwafunze kuzifungua na kuzifunga. Wazee wa kamati za shule, jambo hili litieni kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla ya joto la kaskazi nyingine.