Kisiki cha Kung'oa na Kisiki cha Kulea

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza kunyesha Dodoma, wakulima hutayarisha mashamba, na suala la visiki hurudi mikutanoni. Mmoja hupendekeza trekta likodiwe ling'oe kila kitu. Mwingine huwasha moto. Wa tatu hununua dawa. Fedha ya mwanachama hutumika, na mara nyingi mwaka unaofuata machipukizi husimama palepale. Kwa hiyo mazungumzo haya yanakusudia kueleza kwamba kazi ya kwanza ya mkulima si kung'oa kisiki. Kazi ya kwanza ni kuamua kipi kinastahili kung'olewa na kipi kinastahili kulelewa.

Kwa nini kisiki hakifi

Mti ukikatwa, kinachoondoka ni sehemu iliyo juu ya ardhi tu. Mizizi hubaki na akiba ya chakula kilichotengenezwa na majani wakati wa mvua, na chini ya gome hulala machipukizi yanayongoja nafasi. Miti mingi ya uwanda wa kati, kama vile migunga, mikole na mitundulu, huchipua kwa nguvu baada ya kukatwa. Ndivyo ilivyo pia kwa miti iliyoletwa kutoka nje, kama mwarobaini na mkaratusi. Kinyume chake, msindano ukikatwa chini kabisa haurudi.

Hivyo, kuua kisiki ni kuimaliza akiba hiyo ya mizizini. Asiyelijua hili hukata chipukizi kila mwaka mara moja, naye hudhani anaua, kumbe anaupa mti muda wa kutosha wa kujaza tena ghala lake.

Funzo la Kongwa

Hakuna mahali ambapo visiki viligharimu fedha nyingi kama Kongwa, katika mkoa huuhuu wa Dodoma. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza kwa Serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Matingatinga yaliletwa, mengi yakiwa mabaki ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta.

Vichaka viliangushwa, lakini mizizi ilibaki ardhini, nayo ikapinda na kuvunja vyuma vilivyotakiwa kuikata. Mchanga mkali ulimaliza makali ya majembe, na jua lilipopiga, udongo uligeuka mgumu kama saruji. Ekari zilizopandwa karanga katika msimu wa kwanza hazikufika 10,000. Mvua nazo zilikuwa haba. Mpango huo ulifutwa Januari 1951, baada ya kula takribani pauni milioni 36, na sehemu ya ardhi iliyofyekwa ikaja kuwa ranchi ya ng'ombe.

Visiki peke yake havikuangusha mpango ule. Hata hivyo, vilionyesha kwamba nguvu ya mashine haitoshi pale ambapo ardhi haikuchunguzwa kwanza. Ikiwa serikali yenye hazina kubwa ilishindwa, chama cha msingi hakina budi kufikiri mara mbili kabla ya kutia sahihi mkataba wa kukodi tingatinga.

Kisiki cha kung'oa

Vipo visiki visivyo na hoja ya kubaki: kilicho karibu na msingi wa nyumba, ghala au tangi la maji, kilicho katikati ya njia ya mkokoteni, kilicho ndani ya mstari wa mizabibu, na cha mti wenye ugonjwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mti mchanga ung'olewe mapema, kwani kazi ya dakika chache leo huwa kazi ya siku nzima baada ya miaka mitano.

Njia ya kwanza ni kuchimba. Wakati mwema ni baada ya mvua kulainisha udongo. Shina liachwe na kimo cha mtu kiunoni ili lifae kusukumwa kama wenzo. Udongo uchimbwe kuzunguka. Mizizi ya pembeni ikatwe kwa shoka. Kisha kisiki kisukumwe na mzizi mkuu ukatwe. Shimo lifukiwe na kushindiliwa, lisivunje mguu wa ng'ombe.

Njia ya pili ni kukinyima chakula. Kisiki hukatwa chini, na kila chipukizi huondolewa likiwa bado changa, bila kukosa, mpaka mizizi ichoke. Kikishakufa, hufunikwa kwa udongo na samadi yenye unyevu ili mchwa wakimalize. Njia hii haifai karibu na nyumba, kwani mchwa hawatofautishi kisiki na boriti.

Njia ya tatu ni dawa, kama vile glaifoseti au triklopiri. Hupakwa kwa brashi juu ya jeraha bichi, mara tu baada ya kukata, hasa kwenye ukingo ulio ndani ya gome, maana hapo ndipo penye uhai. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chombo. Mpakaji avae glavu, asipake mvua ikikaribia wala kandokando ya kisima. Chumvi na mafuta machafu visitumike, kwa kuwa huharibu udongo.

Moto ni wa kuogopwa. Kisiki kibichi hakiungui vizuri, na kikavu huweza kupeleka moto mizizini chini kwa chini na kuutoa siku nyingine penye nyasi kavu.

Kisiki cha kulea

Kisiki kilichoko shambani au malishoni, chenye mizizi mizima, ni mali. Mizizi yake imekwisha kufika kwenye unyevu. Kwa hiyo chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wa kitaluni, wala halidai ndoo ya maji. Katika mkoa unaopata takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, hiyo si faida ndogo.

Njia hii ilienezwa nchini Niger miaka ya 1980 na Tony Rinaudo wa Australia pamoja na wakulima wa Maradi, na miti ikarudi katika eneo linalokadiriwa kufika hekta milioni 5. Mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, lilianza kuieneza Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima huchagua kisiki, huacha machipukizi machache yaliyonyooka na kupogoa mengine, hufunga kitambaa kama alama, kisha hulinda dhidi ya mifugo na panga.

Kondoa nayo ni shahidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji, lakini nyasi na miti vilirudi, vingi bila kupandwa.

Kazi ya chama

Kabla ya kupitisha fedha za kung'oa visiki, kamati itembelee mashamba pamoja na wenyewe. Visiki vya kung'olewa vihesabiwe, na vya kulelewa vifungwe alama ili mwenye plau avione na kuvikwepa. Katibu aandike hesabu hiyo katika kumbukumbu za mkutano, na utaratibu wa serikali ya kijiji kuhusu ukataji miti ufuatwe. Sururu, mitaimbo na mashoka vinaweza kununuliwa kwa pamoja na kuazimwa kwa zamu.

Chama kitakachofanya hivyo kitalipia visiki vichache, na wanachama wake watapata kivuli, kuni na malisho kutokana na vilivyobaki.