Nani Aliruhusu Hilo Godauni?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wakaazi hapa Eldoret. Tumeyaweka kwenye uzi kwa waliokosa kufika. Kama kawaida yetu, hakuna mwanasiasa wala chama kinachotajwa.)

Asanteni sana, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojipanga pale mlangoni kama watu wanaongoja matatu. Sitawaweka sana.

Nataka tuongee juu ya ule ugomvi ambao kila msimu wa siasa lazima uzuke. Mtu anaanza na duka la vifaa vya ujenzi kwenye ploti yake. Biashara inashika, ananunua ploti ya jirani, anapandisha ukuta. Baada ya muda duka limekuwa godauni, malori yanashusha mzigo saa nane za usiku, jenereta inanguruma, na maji ya mvua yaliyokuwa yanapita hapo sasa yanaingia nyumbani kwa watu. Wakaazi wanaandamana. Mwenye biashara anatoa vijana aliowaajiri, nao wanaandamana upande wao. Kufikia Jumapili, mwanasiasa mmoja ameshasimama juu ya gari kusema wanaolalamika ni maadui wa maendeleo, na mwingine juu ya gari lake anasema watu wake hawatanyanyaswa. Wiki ya pili watu wanaulizana: kwani mwenye godauni ni mtu wa wapi? Na sisi wa Eldoret tunajua swali hilo limewahi kutufikisha wapi.

Swali lenyewe ni la karatasi. Nani aliruhusu hilo godauni, lini, na majirani waliambiwa?

Wengine mtaniambia: ardhi ni yake, hati miliki anayo, aachwe. Hapana. Hati miliki inasema ploti ni ya nani. Haisemi utafanya nini juu yake. Katiba ya 2010 inalinda mali ya mtu kwenye kifungu cha 40, halafu kifungu cha 66 kinaruhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Na hiyo kazi ya mipango imepewa kaunti.

Sheria ya kuangalia ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Huwezi kujenga wala kubadilisha matumizi ya ploti bila kibali cha kaunti. Anayeomba kibali lazima autangazie umma, na tangazo liwaalike watu walete pingamizi. Ndiyo ule ubao mdogo mnaouona umepigiliwa kwenye ua, maandishi ya Kiingereza kigumu, mvua imeshaupiga, mbuzi amejikuna hapo. Kaunti ikishaamua, asiyeridhika, jirani akiwemo, ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo ya mipango. Usiporidhika hapo, unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku 14, jamani. Wiki mbili tu. Sasa niambieni, katika maandamano yote mliyowahi kuona, ni mangapi yalifanyika ndani ya hizo wiki mbili? Watu huamka ukuta ukishafika dirishani.

Kuna kitu kingine ndani ya sheria hiyo ambacho watu wengi hawakijui. Mwombaji akikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi, inachukuliwa kwamba amepewa kibali. Soma kifungu cha 58. Nia ilikuwa nzuri, mtu asizungushwe ofisini mwaka mzima na mtu anayetaka kitu kidogo. Lakini geuza uone upande wa pili: afisa akitaka kumfaa rafiki yake, hahitaji hata kutia sahihi. Anaacha faili kwenye droo, anahesabu siku. Mimi naona hapo ni pabaya, na sijasikia jukwaa hata moja likipazungumzia.

Na aliyejenga bila kibali kabisa? Ni kosa la jinai. Faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kwa mwenye kibanda hiyo ni kumaliza maisha yake. Kwa mwenye godauni la mamilioni, hiyo ni pesa ya rangi.

Kwa nini wanasiasa hawatufundishi haya? Kwa sababu ugomvi uliochelewa ndio wenye faida kwao. Ndani ya siku 14 unahitaji barua tu, na barua haina kipaza sauti. Baada ya hapo unamhitaji mheshimiwa apige simu, na mwenye biashara pia anamhitaji mheshimiwa huyohuyo asipige. Mtu mmoja anadaiwa fadhila na pande zote mbili.

Msidhani ni mambo ya kelele na vumbi peke yake. Kumbukeni Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Kituo cha kujaza gesi katikati ya makaazi kililipuka. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakaumia. EPRA, mamlaka ya kawi, ilisema ilikataa maombi ya kibali cha ujenzi hapo mara tatu: Machi, Juni na Julai 2023. Sababu kubwa ilikuwa ukaribu na nyumba za watu. Lakini NEMA, mamlaka ya mazingira, leseni yake ilikuwa imeshatoka, na baada ya moto ndipo ikasema haikutolewa ipasavyo, maafisa wakasimamishwa kazi. Ofisi moja imekataa mara tatu, nyingine imekubali, na gesi inaendelea kujazwa.

Na Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 kando ya makaazi, sumu ya risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka 17.

Turudi nyumbani, maana hapa kwetu jambo hili lina ugumu wake. Mji huu haukupangwa, uliota. Ulianza kama shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Mnajua ile hadithi ya benki: sefu lilianguka kutoka kwa mkokoteni, likashinda watu kuinua, wakaamua kujenga benki palepale. Sijui kama kuna mji mwingine ambao ramani yake ilichorwa na sefu. Baadaye mashamba ya wazungu yakanunuliwa na kukatwa ploti ndogondogo. Langas ilikuwa shamba kabla iwe mtaa. Waliokata hawakuacha nafasi ya viwanda, kwa hivyo kinu cha posho, fundi wa kuchomelea, kanisa na shule ya chekechea vyote viko kwenye kichochoro kimoja.

Ndiyo maana siungani na wale wanaosema sasa tumekuwa jiji, tangu Agosti 2024, basi kila kitu kisicho makaazi kiondolewe mtaani. Mkifanya hivyo mtaua kazi ya jua kali, na unga mtafuata mbali. Kinu cha posho ambacho mtaa mzima unakitumia si sawa na tangi la gesi. Tena angalieni ni nani sheria humfikia kwanza: kibanda cha mama mboga huvunjwa asubuhi bila barua, godauni huundiwa kamati. Hilo ndilo la kumwuliza anayekuja kuomba kura, yule wa kupinga na yule wa kutetea.

Sasa la kufanya. Ukiona ubao kwenye ploti, piga picha, iweke kwenye grupu la mtaa siku hiyohiyo, na mtu mwenye Kiingereza awaelezee wengine. Andikeni pingamizi, pelekeni ofisi ya mipango ya kaunti kwa mkono, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Msitegemee kuomba taarifa kwa njia rasmi, kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi mpaka siku 21 kuwajibu. Siku 21! Rufaa yenu itakuwa imeshapita wiki nzima. Enda mwenyewe, uliza faili, enda tena kesho. Na wewe mwenye biashara uliyeketi hapa, maana nakuona, waite majirani kabla ya fundi. Ukiwaambia malori yatashusha mchana na mtaro utachimbwa, wengi watakubali. Ukiwanyamazia, siku moja utamlipa mheshimiwa zaidi ya vile ungelipa mtaro.

Basi maswali. Nimeona mkono wa yule mama wa kilemba cha kijani kwanza.