Afisa aliyekataa kungoja amri
Maneno ya chama ya kumkumbuka Kapiteni Mbaye Diagne, yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji



Tumewaita leo tumkumbuke askari mmoja. Wengine watauliza: chama cha uhuru na askari, wapi na wapi? Swali ni la haki. Wazee wetu waliijua nguo ya askari kwa kiboko. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi Elisabethville, na waliopiga walikuwa Waafrika kama wao, wakifuata amri. Mwezi wa Desemba 1960, Patrice Lumumba alipokamatwa katika Kasai, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa karibu. Amri yao ilikataza kuingilia. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa hapa Katanga.

Basi tunamjua sana mtu asemaye, "Sina amri." Leo tunataka mumjue mmoja aliyelikataa neno hilo.

Mbaye Diagne alikuwa Msenegali, Mwislamu, mume na baba wa watoto wawili. Alifika Rwanda mwaka 1993 kuwa mwangalizi wa amani. Mwangalizi hana bunduki. Kazi yake ni kuona na kupeleka habari. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya Watutsi yakaanza. Askari wa Umoja wa Mataifa waliambiwa wasipigane, na tarehe 21 Aprili wakubwa wa New York wakaamua kupunguza hesabu yao mpaka 270.

Diagne hakutumwa na mtu. Waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa tarehe 7 Aprili, watoto wa mama huyo walikuwa wamejificha. Diagne akawatoa, akawapeleka hotelini. Tangu siku hiyo hakukaa. Alipakia watu wachache wachache katika motokari yake, akapita penye vizuizi ambako wauaji walisimama na mapanga, kisha akarudi kuchukua wengine. Silaha yake ilikuwa mdomo: salamu, mzaha, sigara ya kugawa. Watu kwa mamia wakapona. Mkubwa wake, Jenerali Dallaire, alijua, wala hakumzuia.

Tarehe 31 Mei 1994, kombora likaanguka karibu na motokari yake penye kizuizi, kule Kigali, akafa. Alikuwa na miaka 36, na zilibaki siku chache arudi kwao. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka nishani yenye jina lake. Mwaka 2016 mjane wake akapokea ya kwanza. Ni vema. Lakini tusisahau kwamba mkono uliotoa nishani ndio uliotoa amri ya kutoingilia.

Ndugu, sisi hatuombi nchi isiyo na polisi. Mji bila polisi ni mji wa wezi. Tunaomba polisi na askari wanaojua kwamba nguo ya kazi huvuliwa jioni, lakini utu hauvuliwi. Raia akipigwa mbele yao, wasiulize kwanza saa ya kazi wala karatasi ya mkubwa.

Na wewe, mfanyakazi usiye na nguo ya serkali, mwenzako akionewa njiani usiseme, "Si zamu yangu." Zamu ya utu haina kengele.

Sasa tusimame wote, tunyamaze kidogo kwa ajili yake.