Mwarobaini si wa Bure: Tupige Hesabu

Leo tuongee pesa. Mara nyingi tunasikia, "Dawa ya mwarobaini ni ya bure." Si kweli. Jasho nalo ni pesa.

Lita moja ya maji inataka gramu 50 hivi za kiini cha mbegu kilichotwangwa. Pampu ya lita 20 ni kilo nzima. Nani ataokota, kukausha, kumenya na kutwanga? Tena dawa hii haiui papo hapo. Humfanya kiwavi aache kula na ashindwe kukua. Jua nalo huiharibu upesi, kwa hivyo tunapiga jioni na kurudia baada ya siku chache.

Mama mwenye matuta machache ya sukuma wiki anaweza kupata faida, maana pesa ya dukani inabaki nyumbani. Mwenye ekari nzima, akiandika vibarua, huenda akala hasara.

Basi tutwange pamoja. Msimu huu kila kikundi kitenge matuta mawili, moja la mwarobaini, jingine la dawa ya duka. Andikeni gharama, saa za kazi na mauzo. Daftari ndilo litakalotuamulia, si maneno ya muuzaji wala yetu.