Matarumbeta yakishanyamaza



Kama unaishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma, basi Jumamosi jioni umekwisha kupishana na msafara wa harusi: pikapu mbele imebeba wapiga matarumbeta, nyuma yake gari lililopambwa maua, na nyuma zaidi foleni ya magari yaliyowasha taa mchana kweupe. Watu wote humtazama bibi harusi. Leo napenda tumtazame yule aliyekaa kando yake anajifuta jasho kwa leso. Wala tusimtazame siku hiyo. Tumtazame Jumatatu, suti ya kukodi imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, na sebuleni kuna masanduku ya zawadi ambayo hakuna aliyepata nguvu ya kuyafungua.

Mtu huyu anafurahi kwamba ameoa, na hilo halina haja ya maelezo. Lakini mwulize faraghani, atakuambia kuna furaha nyingine isiyosemwa hadharani: anafurahi kwamba shughuli imekwisha. Imekwisha! Simu haimwulizi tena kama malipo ya mwisho ya ukumbi yamepelekwa. Mpambaji hamtafuti. Shangazi aliyesusa kwa ajili ya rangi ya sare amekwisha kula pilau na kusahau. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, bwana huyu amelala mpaka jua likamwamsha.

Simlaumu. Kuoa mjini siku hizi ni mradi. Baada ya posa na mahari hufuata kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vikao kila mwisho wa juma, halafu kichenipati, halafu sendofu, ndipo harusi yenyewe. Hapo zamani kadi za michango zilipelekwa kwa mkono mpaka ofisini. Sasa pesa huja kwa simu, na orodha ya waliotoa na wasiotoa hubandikwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu aone. Sitaki kuibeza kamati. Asili ya mchango ni njema, ni ule ule ujima wa kijijini wa kujengeana nyumba na kulimiana mashamba. Lakini ujima wa kujenga nyumba ulimwachia mtu nyumba. Huu wa ukumbini humwachia video, na deni pia, maana kila aliyemchangia ana mtoto, mdogo wake au yeye mwenyewe ambaye ataoa. Kadi zitarudi, na wengine hutunza daftari.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Katika miezi yote hiyo, wachumba hawa wawili wamezungumza nini? Wamezungumza ukumbi, keki, idadi ya kadi, nani akae meza ya mbele. Ni wachache waliopata jioni moja ya kuulizana kodi ya nyumba itatoka kwa nani, mshahara wa mke utafanya nini, wazazi wa upande huu na upande ule watasaidiwa vipi, na kama bwana amekopa ili harusi ipendeze. Mke wa siku ya tatu anaposikia habari za mkopo kutoka kwa mtu wa nje, nafuu ile ya Jumatatu haifiki Alhamisi.

Watu wa pwani walikuwa na dawa yao. Fungate ni siku saba, na chakula cha maharusi kilitoka kwa wazazi wa mke, ili wasipike wala wasihangaike, wakae wazoeane. Leo neno hilo limegeuzwa kuwa safari ya hotelini, tena ya kupigia picha, na asiye na nauli hudhani hana fungate. Fungate haidai hoteli. Ni mlango kufungwa na simu kuzimwa.

Tena nashangaa tulikotoa wazo kwamba bila ukumbi hakuna ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, inataka mashahidi wawili, inataka hiari ya wote wawili. Hata mahari ambayo haijalipwa haiivunji ndoa hiyo. Ukumbi haumo. Pamoja na hayo, wako vijana wengi mitaani kwetu wanaoishi pamoja mwaka wa tano sasa, wana watoto, na ukiwauliza watakujibu wanasubiri pesa ya harusi. Sheria hiyo hiyo huwachukulia waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo kuwa ni mke na mume, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini kuthibitisha ni kazi ya mahakamani, tena mara nyingi wakati mmoja amekwisha kufa na ndugu wamekwisha kufika kubeba kabati.

Bwana harusi wetu anayo bahati, cheti anacho. Na akiweke mahali pema, kwani kina uzito kuliko albamu. Ajue pia kwamba tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Huo nao ni mchango, japo hausomwi na katibu.

Imebaki shughuli moja. Baada ya majuma kama mawili kamati hukutana kuvunjwa. Mapato na matumizi husomwa, na bakaa, kama ipo, huishia kwenye nyama choma na vinywaji. Maharusi hukaa mbele na kushukuru, huku mwenye nyumba akisubiri kodi yake ya miezi sita kwa mkupuo. Kama wewe unayenisikiliza ni mwenyekiti, na kikao hicho bado, tafadhali funga bakaa hiyo ndani ya bahasha na kumkabidhi mke na mume kabla nyama haijaagizwa. Wanakamati watanuna kidogo. Soda wanaweza kujinunulia.