KUKOSEKANA NA KUWA TUPU SI JAMBO MOJA
(Mazungumzo kwa watunza kumbukumbu wa Serikali)

Nazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini laweza kumnyima mwananchi haki yake.

Ndugu Mwenyekiti,
Fomu ya karatasi humpa kila mtu nafasi zile zile za kujaza. Hifadhidata za hati, kama vile MongoDB iliyotolewa mwaka 2009, hazilazimishi hivyo zisipoamriwa. Hati ya kwanza yaweza kuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyo sahihi. Ya pili ikawa na kipengele hicho lakini kitupu. Ya tatu isiwe nacho kabisa. Na ya nne ikawa nacho kwa maandishi ya kawaida, si kwa aina ya tarehe.

Tuchukue mfano. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Tuseme afisa ana daftari la wazee katika hifadhidata ya namna hii, naye anataka majina ya waliozaliwa kabla ya siku fulani. Tarehe hulinganishwa na tarehe tu. Atakayeonekana ni mzee wa kwanza peke yake. Watatu waliobaki hawatatajwa, wala mashine haitatoa onyo lolote.

Njia ya kuwatafuta ipo. Amri ya $exists huuliza iwapo kipengele kipo. Ikipewa jibu la hapana, huleta hati zisizo nacho. Ikipewa ndiyo, huleta zenye nacho, pamoja na zile ambazo ndani yake ni tupu. Tahadhari: ukiuliza kipengele kilicho sawa na tupu, utaletewa kitupu na kisichokuwepo kwa pamoja.

Amri ya $type huuliza aina ya data. Namba 10 huleta vitupu pekee, namba 2 maandishi, na namba 9 tarehe.

Ndugu Mwenyekiti,
Tofauti hizi si za mashine tu. Asiye na kipengele huenda hakuulizwa kamwe. Sheha amfuate nyumbani. Mwenye kitupu huenda aliulizwa akakosa jibu, atafutiwe ushahidi. Mwenye maandishi tayari ametimiza wajibu wake. Marekebisho ni kazi ya ofisi, naye asisumbuliwe kwa safari ya pili.

Kwa hiyo naomba kila ofisi yenye daftari la aina hii ifanye maulizo hayo matatu kabla ya kutoa orodha yoyote, na iweke kanuni za kukagua hati mpya zinapoingizwa. Orodha fupi isichukuliwe kuwa ni orodha kamili.