Daktari Anaporudishwa Darasani



Swali ninaloulizwa mara nyingi katika mikutano hii ni moja: "Nikimlalamikia daktari, atafukuzwa?" Anayeuliza huwa ama amejaa hasira, ama amejaa huruma, na huyu wa pili aghalabu hunyamaza, kwa kuogopa kumkatia mtu riziki. Maneno yangu ya leo yamwendee yeye hasa.

Shahada ya daktari huthibitisha alichokijua siku ya mtihani. Ndiyo sababu nchini Kenya leseni huhuishwa kila mwaka, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hudai kwanza ushahidi wa mafunzo endelevu, yanayohesabiwa kwa pointi. Lakini pointi, nikiri wazi, hutuonyesha zaidi kwamba daktari alihudhuria semina. Hazituambii kama mkono wake ungali imara katika chumba cha upasuaji, wala kama humsikiliza mgonjwa hadi amalize kusema. Udhaifu wa namna hiyo hudhihirika faili za wagonjwa zinapopekuliwa, na uamuzi wake unapopimwa na madaktari wenzake wa taaluma ile ile.

Kosa likithibitika, kufutwa katika rejista ni hatua ya mwisho. Sheria, Sura ya 253, huliruhusu Baraza kumkaripia kwa maandishi, kumweka chini ya uangalizi, kumsimamishia leseni, au kumwamuru apate mafunzo ya kurekebisha kwa muda usiozidi miezi 12. Wako wanaosema kwamba huko ni kumbembeleza mkosaji. Sikubaliani nao: daktari asiyetambua dalili za kifafa cha mimba, akitozwa faini tu, kesho atakosea kwa mama mwingine.

Ila hapana arekebishaye asichokiona. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kulalamika, na lalamiko lako lichunguzwe. Omba nakala ya rekodi zako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki hiyo pia. Hifadhi karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na majibu ya maabara. Andika tarehe, saa, na nani alisema nini, wala usitie chumvi, kwa maana jambo moja la uongo huyachafua kumi ya kweli. Madai ya fidia yana njia yake mahakamani, nayo tutayazungumza siku nyingine.

Fomu ziko mezani pale nyuma. Asiyeweza kuandika, tutamwandikia.